Ussi Mgongo na Fungu la Saba

Hapo zamani, na usinikazie macho hivyo. Asiyeamini na ainuke sasa hivi, mlango uko wazi, maana mimi nikishaanza simngoji mtu. Mwalimu wangu wa chuo alisema kichwa changu kigumu kama kifuu, nami nikamwachia chuo chake na ubao wake, nikaenda kukaa na watu wenye maneno. Haya, niambie: msomi gani kati ya hao wenu aliyewahi kukuhadithia kwamba palikuwa na mji mzima, wakubwa kwa wadogo, watu wenye akili zao timamu, uliokaa siku kumi na saba pasipo mtu kuthubutu kutamka neno "bahati"? Hayupo. Basi tulia usikie.

Mji huo ukiitwa Kirimbani, na ndani yake alikuwamo mtu fukara, jina lake Ussi, na watu wakimwita Ussi Mgongo. Wala hakuwa na kibiongo. Mgongo wake ulinyooka kuliko wako. Aliitwa hivyo kwa kuwa mgongo ndio uliomlisha. Kazi yake ilikuwa kugeuka.

Unacheka? Ngoja nikueleze. Watu wa Kirimbani walikuwa na desturi ya kuchanga, wakanunua ng'ombe mmoja, wakamchinja, wakazipanga nyama mafungu mafungu juu ya majani ya mgomba. Na mafungu ya nyama, hata ungeyapanga kwa mizani ya dhahabu, hayalingani. Hili lina ini, hili lina mfupa mtupu, hili lina mnofu, hili lina mshipa wa kung'oa meno. Basi ili watu wasitoane macho, huitwa Ussi, akasimama kuelekea ukuta, mgongo kwa nyama. Mchinjaji huelekeza kisu kwenye fungu moja na kuuliza, "Hili la nani?" Na Ussi, asiyeona kitu ila chokaa ya ukuta, hutaja jina lolote la mmoja wa waliochanga: "La Vuai!" Imekwisha. Vuai akipata ini, heri yake. Akipata kwato, atagombana na nani? Atagombana na mgongo?

Ujira wa Ussi ulikuwa utumbo. Basi yeye na mkewe, Mize binti Haji, wakila utumbo wa nazi, utumbo wa ndizi, utumbo wa mchuzi na utumbo mkavu, hata Mize, aliyekuwa na mimba ya miezi minane na siku zake, akasema, "Mume wangu, huyu mtoto akizaliwa na pembe, usije ukanifukuza mimi."

Sasa sikia jambo kubwa. Miaka sita kabla ya kisa chetu, sultani mzee wa Kirimbani alifariki bila kuacha mtoto. Wakabaki binamu watatu, na kila mmoja akashika jambia yake akisema kiti ni changu. Wazee wakapatanisha, wakachoka, hata kadhi akasema, "Enyi waungwana, kwa nini tuuane? Tugawe kama tunavyogawa nyama." Ikawa hivyo. Mikeka mitatu ikatandikwa uwanjani. Juu ya mmoja pakawekwa kilemba cha usultani, juu ya wa pili funguo za maghala, juu ya wa tatu hati za mashamba ya minazi. Ussi akaitwa, akasimama kuelekea ukuta wa msikiti, mgongo kwa usultani. Kadhi akaelekeza bakora yake kwenye kilemba: "Hili la nani?"

Ussi akasema, "La Shaibu!"

Ndivyo Shaibu bin Mkame, mtu aliyekuwa hajulikani kwa lolote ila kufuga njiwa, alivyokuwa sultani kabla ya adhuhuri. Na ukweli usemwe, hakuwa sultani mbaya. Hakudhulumu, hakupora, na njiwa wake walinenepa. Ila alikuwa na donda moja moyoni: hakupenda kukumbushwa.

Siku moja akaja mjumbe kutoka mji wa mbali, ana zawadi za vitambaa na marashi, akasimama mbele ya baraza lote akasema, "Bwana wangu anamsalimu Sultani Shaibu, mtu wa bahati kupita watu wote. Wengine viti vyao wamevipigania miaka, yeye chake amekipata kama mtu apatavyo ini."

Baraza likauma midomo. Mtumishi mmoja aliyekuwa akipepea akajifanya anakohoa. Sultani akapokea zawadi, akamshukuru mjumbe, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akarudi akaketi, uso umemvimba kama andazi.

Akasema, "Waziri."

Waziri Abdulwahabu akaitika, "Labeka, Maulana."

"Mimi nimekipata kiti hiki kama ini?"

"Hasha, Maulana! Umekipata kwa kustahili."

"Basi na watu wote wajue hivyo."

Asubuhi mbiu ya mgambo ikalia, na mpiga mbiu akapita mitaani akinadi: "Kuanzia leo, Kirimbani hakuna bahati! Kila mtu hupata kitu kwa juhudi na kustahili kwake. Atakayelitamka neno hilo atateka ndoo ishirini za maji, alijaze birika la msikiti mbele za watu!"

Watu wakatazamana. Adhuhuri haijafika, tayari wamo watatu kisimani. Mmoja aliokota pete yake iliyopotea, akapiga kelele; wa pili alimpongeza yule wa kwanza; wa tatu, masikini, alikuwa akiwaeleza wenziwe ni neno gani lililokatazwa.

Basi watu wakamwendea Ussi kwenye ua wa nyama, maana katika ua ule hupita watu wa kila namna, na Ussi, kwa kuwa kazi yake ni kutazama ukuta, masikio yake yalikuwa hayana shughuli nyingine ila kuokota maneno. Wakamwambia, "Ussi, tutafanyaje? Mtu akipata kitu pasipo kukitafuta, tuseme nini?"

Ussi akasema, "Semeni nasibu."

Wakasema nasibu siku mbili. Waziri akalisikia, akaliandika, mbiu ikalia: nasibu marufuku. Wakamrudia Ussi. "Semeni sudi." Mbiu ikalia: sudi marufuku. "Semeni jaha." Marufuku. "Semeni kismati." Marufuku. "Semeni sadfa." Ah, hilo halikumaliza hata asubuhi moja. Ikawa kila alfajiri watu wamejaa mlangoni pa Ussi kama wanaokuja kununua maandazi, "Leo tuseme nini, Ussi?" naye akiwapa neno la siku hiyo bure, na waziri anamfuata nyuma na kalamu yake, huku kitabu kinajaa. Hata ngekewa, neno lisilomdhuru mtu, likaingia kitabuni. Nyinyi mnaosema zali leo, shukuruni. Lingekuwapo wakati ule, nalo lingetekewa maji.

Kisha waziri akaona kwamba watu wanapenya upande wa pili, kwenye mabaya. Mtu akijikwaa anasema nuksi. Akivunja chungu anasema mkosi. Akimwona mama mkwe wake anasema kisirani. Nayo yakaandikwa.

Alipofika kwenye majaliwa na kudura, kadhi alisimama. Akasema, "Maulana, mengine yote nimenyamaza. Lakini haya ni mambo ya Mwenyezi Mungu. Ukimtekesha mtu maji kwa kutamka kudura, hayo maji sisi tutayatawadhia vipi?"

Sultani akakuna ndevu. "Basi na yasemwe msikitini tu."

Msikiti ukapata waumini wengi ambao haujapata kuwaona. Mtu kuku wake ametaga uani kwa jirani, anaacha ugomvi katikati, anakimbilia msikitini, anasema, "Majaliwa!" kisha anarudi mbio kuendelea na ugomvi alipouachia.

Na wale wasiokaa karibu na msikiti? Walikwenda kwa Ussi. Naye Ussi siku hiyo, bado anajisugua macho, akasema, "Maneno yamekwisha, jamani. Hata mfuko wa maneno una kitako." Kisha akafikiri, akasema, "Lakini mnajua mimi nafanya nini panapohitajika neno lile. Nageuka."

Ikawa hivyo. Mji mzima ukaacha kusema. Jambo likitokea lenyewe, zuri au baya, mtu humgeukia mwenziwe akampa mgongo, na mwenziwe akafahamu, naye akageuka, wakasimama kidogo mgongo kwa mgongo, wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyevunja sheria.

Siku ya kumi na tano ilikuwa Ijumaa. Sultani alikuwa akienda msikitini juu ya punda wake mweupe, na katika njia ile mbuzi aliyepotea wiki nzima, mali ya mzee mmoja, alikuwa amerudi dakika ile ile na watoto wawili nyuma yake. Mtaa mzima ukafurahi. Watu thelathini wakageuka kwa mpigo mmoja, na thelathini wale wote wakajikuta wamempa mgongo sultani.

Sultani akashika hatamu. "Waziri! Wananipa kisogo? Mimi?"

Waziri akashuka, akauliza, akarudi, jasho linamtoka. "Maulana, si matusi. Wanasema lile neno."

"Kwa mgongo?"

"Kwa mgongo, Maulana."

"Mgongo wa nani huo?"

"Wa Ussi."

Basi Ussi akaletwa barazani, kanzu yake ina viraka vingi kuliko kanzu, akapiga magoti. Sultani akamtazama kwa muda, maana hawakuwa wameonana uso kwa uso tangu siku ile ya mikeka mitatu.

Akasema, "Ewe Ussi, wewe ndiwe unayewafundisha watu wangu kuwa mambo huja yenyewe?"

"Maulana, mimi siwafundishi kitu. Wananiuliza neno, nawapa neno. Wewe unalichukua, nawapa jingine. Kwa kweli tumekuwa tukifanya kazi pamoja, mimi na Maulana."

Mtumishi mwenye kupepea akakohoa tena.

Sultani akasema, "Una ulimi. Haya, tuone na akili. Keshokutwa nitachinja ng'ombe mmoja, yafanywe mafungu saba, na mabwana saba wa baraza hili watakuja. Utayagawa wewe, mbele za watu wote, kwa kustahili peke yake. Hutageukia ukuta, wala hutapiga kura. Kila fungu liende kwa aliyelifanyia kazi, na likibaki fungu moja halina mwenyewe, umeshindwa. Ukishindwa, wewe na mkeo mtavushwa ng'ambo siku ile ile, na lango la mji litafungwa nyuma yenu."

Ussi akasema, "Nimesikia na nimetii." Maana mtu akisemeshwa vile atasema nini tena?

Akarudi nyumbani, akamkuta Mize ameketi juu ya mkeka, miguu imemvimba, anachambua mchele. Akamweleza yote. Mize hakulia. Aliweka ungo chini.

"Ng'ambo kuna mkunga?"

"Hakuna. Kuna mikoko."

"Basi mimi siendi kuzaa mikokoni nikishikwa mkono na kaa. Nenda kawagawie hao mabwana nyama yao."

"Nitagawaje, Mize? Wale mabwana saba hawajawahi kufanya kazi yoyote tangu wazaliwe."

Mize akaokota ungo wake tena. "Naye amesema apewe aliyefanya kazi. Sasa taabu yako iko wapi?"

Ussi akamtazama mkewe, akatazama mchele, akaanza kucheka taratibu.

Keshokutwa ikafika, uwanja ukajaa watu, na waliokosa nafasi wakapanda juu ya kuta. Sultani akaketi juu ya kiti chake chini ya mwavuli, waziri pembeni yake na kitabu cha maneno yaliyokatazwa, na mabwana saba wakapanga mstari wamevaa majoho na vilemba, kila mmoja na mtumishi mwenye kapu. Mafungu saba yalikuwa yamepangwa juu ya majani ya mgomba, na nzi nao walikuwa wamehudhuria.

Ussi akamsogelea wa kwanza, akainama kwa adabu. "Bwana Mwinyi Faki, shikamoo. Lipi unalolitaka?"

"Marahaba. Lile lenye paja."

"Umelifanyia kazi gani?"

Mwinyi Faki akavuta pumzi. "Mimi ni mtoto wa Mwinyi Alawi, mtoto wa Mwinyi Bwanakombo, wenye nyumba ya ghorofa mbili."

"Nawajua, Mungu awarehemu. Lakini wewe, ulipokuwa tumboni mwa mama yako, ulitoa jasho gani hata ukatokea ghorofani, nami nikatokea kibandani?"

"Jasho? Hiyo ilikuwa ni ba..." Waziri akainua kalamu. Mwinyi Faki akalimeza neno kama mtu amezavyo kiazi cha moto, machozi yakamlengalenga. Watu wakaanza kusukumana kwa mbavu.

Ussi akaenda kwa wa pili, bwana mmoja mwenye shamba la minazi elfu. "Na wewe, bwana?"

"Mimi nimetajirika kwa mikono yangu. Nimepanda minazi."

"Wallahi umepanda, tuliona. Na mwaka ule wa ukame, mvua ikanyesha shambani kwako ikaishia mpakani kwa jirani yako. Uliileta wewe?"

"Ilikuja."

"Ilikujaje?"

Bwana yule akafungua mdomo, akaufunga, akamtazama waziri, akautazama mnara wa msikiti. Kisha akaomba ruhusa aende msikitini mara moja.

Hapo ndipo uwanja ulipoangua kicheko. Wa tatu hakungoja kuulizwa, akasema yeye nyama humletea kiungulia. Wa nne akafuata. Watatu waliobaki wakaanza kurudi nyuma kidogo kidogo mpaka wakawa nyuma ya makapu yao.

Ussi akageukia umati, akaita, "Pandu mchungaji yuko wapi?"

Pandu akajitokeza, mtu mwembamba ananuka zizi. "Nipo hapa."

"Ng'ombe huyu nani kamchunga?"

"Mimi. Miaka mitatu, mvua na jua."

"Chukua mafungu mawili, hilo la paja na hilo la kando yake. Machano mchinjaji, kisu chako, fungu lako. Ngwali na nduguyo, mmemchuna tangu alfajiri, fungu na fungu. Bi Kazija, umeteka maji ya kuoshea nyama yote hii, na wala hukuwa umesema neno lolote baya. Haya, mama, fungu lako."

Bi Kazija akapiga kigelegele hata njiwa wa sultani wakaruka. Kila aliyeitwa akachukua akarudi, na hakuna aliyeweza kusema hakustahili. Sultani mwenyewe alikuwa ameinamia mbele, kidevu mkononi, anapendezwa bila kutaka.

Kisha sultani akahesabu. Mawili ya Pandu, moja la Machano, mawili ya ndugu wale, moja la Bi Kazija. Sita. Na pale katikati ya uwanja, juu ya jani lake la mgomba, lilikuwa limebaki fungu la saba, nalo lilikuwa na ini zima.

Mize, aliyekuwa ameegemea ukuta, akashika tumbo lake.

Sultani akasimama. Akaelekeza bakora yake ya fedha kwenye fungu lile, akauliza kwa sauti ya taratibu ya mtu aliyekwisha kushinda:

"Hili la nani?"

Ussi akageuka. Akampa sultani mgongo, mbele za watu wote, akatazama ukuta, akasema kwa sauti kubwa:

"La Shaibu!"

Hata nzi walikaa kimya. Jina tupu, bila Maulana, bila bin Mkame, tena kwa mgongo uliokatazwa! Walinzi wakashika panga zao. Lakini sultani alikuwa amekwisha kuinua mkono kuwazuia, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho watu hawakukijua.

Akasema, "Langu mimi?"

"Lako, Maulana," akasema Ussi, bado anatazama ukuta. "Chukua. Ila sheria ni sheria. Tuambie umelifanyia kazi gani."

"Sikulifanyia kazi. Umenipa wewe."

Ussi akageuka polepole, akapiga magoti. "Maulana, nisamehe, mimi ni mtu wa utumbo. Umesema nimekupa mimi. Je, nilikuwa naona?"

"Hukuwa unaona. Ulikuwa umenipa mgongo."

"Na miaka sita iliyopita, pale kwenye ukuta wa msikiti, nilikuwa naona?"

Sultani akaitazama bakora yake.

"Maana kama mgongo wangu unajua unalolitenda," akasema Ussi, "basi mimi fukara ndiye niliyekaa nikapima, nikaona Shaibu afaa, nikakupa usultani kama sadaka, na kila siku unayoketi juu ya kiti kile unakula kilichotoka mkononi kwangu. Mimi sidai hivyo, Maulana. Nitaonekana mwendawazimu nikidai hivyo. Lakini kama si mgongo wangu uliokupa, na wewe unasema hukulifanyia kazi, basi ni nini? Nitajie tu. Mimi maneno yameniishia."

Sultani akamtazama waziri. Waziri Abdulwahabu akakitazama kitabu chake, akakifunga, akakiweka chini ya kwapa. Kisha, mtu mzima yule na ndevu zake nyeupe, akageuka akampa sultani mgongo.

Kadhi akageuka. Pandu akageuka na mafungu yake mawili. Mabwana saba wakageuka, hata yule aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka msikitini akageuka bila kujua sababu. Uwanja mzima ukawa visogo vitupu, mamia ya visogo, na sultani amesimama peke yake katikati, hakuna uso hata mmoja wa kumtazama.

Kisha watu wakasikia sauti ndogo, kama ya mtu anayezuia chafya. Mabega ya sultani yalikuwa yanatikisika. Akacheka, akacheka hata kilemba kikamwinamia sikioni, akajishika mbavu, akajifuta macho. Mwisho akageuka naye, akaupa mgongo wake mji mzima uliokuwa umempa migongo, akapaza sauti yake akasema:

"Ni bahati, enyi watu wa Kirimbani! Ni nasibu, ni sudi, ni kismati, na kadhi anisamehe, ni majaliwa! Mimi ni mfuga njiwa niliyeamka siku moja nimepata ini!"

Vigelegele vilivyopigwa siku ile, walivisikia mpaka ng'ambo.

Waziri akasema kwa woga, "Maulana, hayo ni maneno matano. Ndoo ishirini ishirini..."

"Mia," akasema sultani. "Nimeshahesabu. Leteni ndoo."

Akateka zote mia, kwa mikono yake, mpaka alasiri, na kila alipopita na ndoo watu walimtazama usoni, wala si kwa kumcheka. Wakasema wao kwa wao, mtu huyu kiti amepata alivyokipata, lakini maji haya ameyateka mwenyewe. Kitabu cha maneno kikachomwa. Ussi akaahidiwa kuwa tangu siku ile katika kila ng'ombe wa mjini atapata fungu kamili kama watu wengine, na fungu la saba lile, na ini lake, sultani akampa yeye, akalibeba Mize mwenyewe, hakukubali mtu kumsaidia.

Kisa kimekwisha, inukeni.

Mbona hamwinuki? Mnanitazama nini? Haya, haya. Kipo kipande nilichokiruka, nanyi msinililie.

Ussi hakukusudia libaki fungu. Asubuhi ile aliwaona Ngwali na nduguye wakichuna pamoja na mtu wa tatu, akahesabu wachunaji watatu, mafungu yakatimia saba barabara. Kumbe yule wa tatu alikuwa mpita njia, amesimama kuomba ngozi ya kuwambia ngoma, akaenda zake. Ussi alipoliona lile fungu limebaki, kichwani mwake hapakuwa na hila yoyote. Palikuwa na mikoko tu. Na sultani aliponyoosha bakora akauliza, "Hili la nani?", mtu aliyeulizwa maneno hayo kila siku ya maisha yake ya kazi aligeuka kama anavyogeuka siku zote, akataja jina la kwanza lililomjia. Hakujua amesema nini mpaka alipousikia ukimya. Yale mengine yote, ya mgongo kujua na mgongo kutojua, aliyasema kwa sababu alikuwa amekwisha kufa na maiti haogopi.

Mize alimuuliza jioni ile, "Ulikuwa umeyapanga tangu lini, mume wangu?" Naye akamjibu, "Tangu keshokutwa." Mimi nami nikawapa nyinyi kama alivyompa mkewe, kwa sababu mtu mwerevu husimulika vizuri zaidi. Sasa kile kilichomwokoa kiiteni mpendavyo. Maneno mnayo, na maji ya kuteka hakuna.